Barua kwa Mama Kulwa: mboga za majini na lile hema la Toronto

Nyakato, Mwanza
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Kulwa,

Mwangaluka. Natumaini Kulwa na Doto hawajambo, na Baba Kulwa kile kikohozi kimemwachia. Huku kwetu wazima, Neema amefunga shule na anakula kuliko baba yake.

Sauti zako za WhatsApp nimezisikiliza zote, hata ile ya mwisho ambayo nusu yake ni watoto wanagombana. Nimeona nisikujibu kwa sauti. Uliyoniuliza, namna ya kulima mboga kwenye maji bila udongo na kama lile hema alilokuchagulia mdogo wako linakufaa, yana vipimo ndani yake, na vipimo ukivisikia sikioni leo, kesho ukiwa na ndoo mkononi havipo. Nakuandikia, uiweke barua kabatini.

Nianze na lile hema. Picha alizokutumia mdogo wako kutoka Toronto nimezitazama moja moja: hema jeusi lenye utando wa fedha kwa ndani, taa kubwa, feni, kichujio cha mkaa, saa ya kuwasha na kuzima taa, ndoo nne zenye pampu, na chupa za mbolea za kila rangi. Vifaa vizuri, sikatai. Ila mwenzangu, hiyo ni seti ya kulimia bangi. Hajakudanganya, maana kule si jambo la kificho. Kanada tangu Oktoba 17, 2018 sheria ya nchi inaruhusu kaya kupanda mibangi isiyozidi minne nyumbani, ingawa yako majimbo yaliyojiwekea masharti makali zaidi. Ndiyo maana mtu wa kule akiandika kwenye simu kwamba anatafuta namna ya kulima ndani bila udongo, kinachomjia ni hicho. Yeye ameona dada yake anataka kulima kwenye maji, akachagua seti iliyosifiwa.

Sasa itazame hiyo seti kitu kimoja kimoja ujue kila kimoja kimewekwa kwa ajili ya nini. Taa ipo kwa sababu kule majira ya baridi jua ni fupi na nje ni barafu. Saa ipo kwa sababu bangi hutoa maua usiku unapokuwa mrefu; mlimaji huipa mwanga wa saa 18 ikue, kisha huupunguza hadi saa 12 ichanue. Kichujio cha mkaa ni cha kumeza harufu, majirani wasilalamike. Hema linazuia mwanga wa nje usivuruge hiyo ratiba. Mchicha wako haunuki, hausubiri kuchanua, na baridi ya huko kwako Mabatini hata fulana ya mikono mirefu haistahili. Sehemu kubwa ya pesa ya seti hiyo itakuwa imelipia shida ambazo huna.

Halafu mwambie Baba Kulwa nimemsikia akicheka kule nyuma, eti "basi tupande na yenyewe." Mwambie hapa kwetu kuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na kulima bangi, hata mche mmoja ndani ya ndoo, ni kosa la jinai ambalo kifungo chake si cha miezi. Tena hata ukiotesha spinachi tupu, hebu fikiria dirisha la nyumba juu ya mlima linawaka taa ya zambarau usiku kucha. Mjumbe atapiga hodi kabla mche haujatoa jani la tatu. Na wale wadudu wa ziwani wakiamka siku hiyo, watahamia kwako wote.

Shida yako ni nyingine, na wewe mwenyewe uliisema vizuri: umetoka Magu ulikokuwa na bustani nyuma ya jiko, umekuja kukaa juu ya jabali. Udongo uliopo hapo kwako ni ule uliosalia kwenye nyufa za mawe, na kila mvua ikinyesha unateremka wote kuelekea Mto Mirongo. Ukileta udongo kwa kirikuu, mwenye kirikuu anakuishia chini barabarani. Juu unapanda kwa kichwa. Lakini jua unalo. Tuko chini kidogo ya ikweta, nyuzi mbili na ushei kusini, mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima. Ile veranda yako inayotazama mashariki inapata jua la asubuhi hadi saa sita au saba. Kwa mboga za majani, hilo linatosha bila taa hata moja.

Sasa mfumo. Utaona watu wanataja majina mengi mpaka kichwa kinauma, lakini yote yanatofautiana kwenye jambo moja tu: mizizi inapataje hewa. Mmea hauhitaji udongo wenyewe, unahitaji maji, chumvi zilizoyeyuka ndani yake, kitu cha kuushikilia usianguke, na hewa mizizini. Magugu maji pale Kirumba hayajagusa udongo na yanatushinda kuyang'oa. Mchicha haukuumbwa hivyo. Ukiuzamisha mizizi yote kwenye maji yaliyotulia, unakufa umezungukwa na maji, kwa kukosa pumzi.

Na kwetu hewa ndiyo ngumu, kwa sababu ya joto. Maji ya nyuzi 20 hushika oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanashika kama saba na nusu. Hizo ni hesabu za usawa wa bahari. Sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo toa tena kidogo. Wakati huohuo mizizi ikipata joto inahema zaidi, na vimelea vya kuozesha mizizi navyo vinachangamka. Mzizi mzima ni mweupe na mgumu kidogo. Ukiuona umekuwa wa kahawia, unateleza, ukiuvuta ganda linabaki mkononi na kiuzi kinabaki kwenye mmea, basi joto limeshafanya kazi yake.

Kwa hiyo mimi kila mfumo nauuliza swali moja: umeme ukikatika saa nane mchana, jua limewaka, mmea una muda gani wa kuishi?

Yale mabomba meupe yaliyopangwa ukutani, yenye saladi zimechungulia kwenye matundu, ambayo najua ndiyo yaliyokuvutia, jibu lake ni saa chache tu. Ni mtindo uliobuniwa Uingereza na Allen Cooper miaka ya 1960, na ni mtindo safi kwa mwenye biashara: maji yanapita chini ya bomba kama utando mwembamba, mizizi nusu iko kwenye maji nusu kwenye hewa. Pampu ikisimama, utando unakwisha, na bomba lililopigwa jua linapika mizizi. Mwenye betri ya akiba na mtu wa kushinda hapo, sawa. Wewe unashuka mjini saa moja asubuhi unarudi jioni. Achana nayo. Ule wa kupulizia mizizi ukungu wa maji hata usiusome, wenyewe una dakika si saa.

Ule wa beseni la kokoto linalojazwa maji na kumwagwa kila baada ya muda unavumilia zaidi, kwani kokoto zinabaki na unyevu. Lakini unataka pampu, saa na tangi la chini, na kokoto ni nzito. Kwako mawe yameshatosha.

Ndoo zenye pampu ya hewa, zile za kwenye seti ya Toronto, ni mfumo mzuri kuliko mabomba. Mmea unakaa kwenye kifuniko, mizizi inaning'inia majini, na pampu ndogo kama ile ya tenki la samaki wa mapambo inapuliza mapovu kupitia jiwe la hewa. Umeme ukienda, maji bado yapo, oksijeni ndiyo inapungua pole pole. Usiku wa baridi mmea unavumilia. Mchana wa joto utaukuta umelegea. Huo ndio ningekushauri kama hatua ya pili, tena ukipata pampu inayotumia betri.

Wa kwanza wako uwe ule usio na pampu kabisa. Aliyeueneza ni Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, na wengi wanauita kwa jina lake. Unajaza chombo maji yenye mbolea, unakifunika, unatoboa matundu kwenye kifuniko na kutia miche, mizizi ikigusa maji kidogo tu. Basi. Mmea unakunywa, maji yanashuka, na nafasi inayobaki juu ya maji inajaa hewa yenye unyevu. Ukiinua kifuniko baada ya wiki tatu utaona mizizi ya aina mbili: ya chini mirefu, laini, imezama, ya juu mifupi yenye manyoya manyoya, haigusi maji, hiyo kazi yake ni kuvuta hewa. Ndiyo siri yote. Kwa hiyo usije ukaingiwa na huruma ukajaza maji tena hadi juu. Mizizi ya hewa ikizamishwa, mmea unakufa wakati unadhani umeunywesha. Yakiwa yamebaki kidogo mno na mavuno bado, ongeza vidole viwili vitatu tu chini.

Chombo kiko hapa hapa Mwanza, na nadhani watu wa Hawaii wangetuonea wivu. Ni yale maboksi meupe mepesi ya kuwekea barafu na minofu ya sangara. Yametengenezwa kuzuia joto, kwa hiyo maji ndani hayapandi joto haraka kama kwenye ndoo ya plastiki. Yaliyopasuka pembe au kuchakaa huuzwa kwa bei ya kutupa, waulize mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Chagua lenye kina, ambalo mkono ukiingia unazama hadi karibu na kiwiko. Lioshe kwa sabuni, lianike, lioshe tena, maana harufu ya samaki ikibaki, paka wa mtaa mzima watakuwa wageni wako. Ndani tandika nailoni nyeusi ile ya kuuzwa kwa mita: inaziba nyufa na inazuia mwanga. Weupe wa boksi peke yake unapitisha mwanga, na maji yenye mbolea yakiona mwanga yanaota ukungu wa kijani unaokula chakula cha mboga. Nje liache jeupe, lisivute jua.

Kifuniko kitoboe kwa mdomo wa kopo la bati uliopashwa moto, matundu sita yaliyoachana shubiri moja. Kila tundu liingie glasi ndogo ya plastiki iliyotobolewa chini na ubavuni. Mche uoteshe kwenye kipande cha sponji ya godoro kilichochanwa katikati, na ukipata mizizi iliyotokeza chini ya sponji, uhamishie kwenye glasi. Maji yaguse kitako cha glasi, kama nusu kidole, siku ya kwanza. Mche mmoja wa saladi hunywa kama lita 4 tangu kuhamishwa hadi kuvunwa, wiki tano au sita hivi, kwa hiyo boksi la miche sita liwe na uwezo wa lita 24 au zaidi.

Hapa nisome pole pole: mbu. Maji yaliyotulia, yenye giza, yasiyo na samaki. Kwa Kanda ya Ziwa, na malaria yetu hii, tundu moja lililobaki wazi ni kitalu cha mbu chini ya dirisha la Kulwa na Doto. Kila upenyo wa kifuniko uzibe, pembeni pitisha tepu ya kubandikia, na tundu ambalo halina mche lifunike kwa kipande cha wavu wa dirishani. Kila Jumamosi inua kifuniko utazame. Ukiona vijidudu vinarukaruka majini, maji hayo mwagia migomba ya jirani na uanze upya. Usiyaonee uchungu.

Mbolea. Urea usiitie, hata kama muuzaji anaapa. Kwenye udongo kuna bakteria wa kuibadilisha iwe chakula cha mmea. Kwenye boksi lako safi hawapo wa kutosha. Waulize duka la pembejeo mbolea ya haidroponiki. Ikiwa ni chupa A na B, fuata kibandiko chake. Ikiwa ni ya unga yenye namba 4-18-38 na madini madogo ndani yake, yaani chuma, boroni, zinki na wenzao, basi kwa maji lita 10 weka gramu 6 za hiyo, gramu 3 za chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti), na gramu 6 za kalsiamu naitreti. Pima kwa mizani ndogo kama ya sonara, si kijiko. Yeyusha ya kwanza ndani ya maji yote hadi iishe, kisha Epsom, na kalsiamu iwe ya mwisho. Usizichanganye zikiwa unga au kwenye kikombe cha maji kidogo: kalsiamu ikikutana na salfeti zikiwa nzito zinagandana, unapata jasi nyeupe chini ya chombo, na chakula kimeshaondoka majini. Ndiyo sababu zinauzwa A na B. Watoto wasiguse.

Maji ya bomba yetu yanatoka ziwani, ni maji laini yasiyo na chumvi nyingi, na hiyo ni heri. Wenye visima vya chumvichumvi wanahangaika. Kinga ndoo jioni, iache wazi hadi kesho, klorini ipungue. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, inatakiwa iwe kati ya 5.5 na 6.5. Ikizidi hapo, madini ya chuma mmea hauyapati hata kama yamo, na majani mapya yatatoka ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Ukiona hivyo kabla hujaongeza mbolea, pima pH kwanza. Siki inaishusha, ila baada ya siku chache inapanda tena. Tindikali maalumu ya kushushia pH ndiyo inayodumu, na matone tu yanatosha.

Cha kupanda. Saladi inauzika hotelini, lakini joto likizidi inakimbilia kutoa mbegu na inakuwa chungu, kwa hiyo ijaribu kwenye boksi lililo kivulini zaidi. Anza na chainizi na mchicha, hizo hazina makuu. Mrehani na mnanaa huota hata ukiwachukia. Nyanya usianze nazo. Najua utaniambia W. F. Gericke kule Kalifonia alipata nyanya ndefu kuliko nyumba miaka ya 1930, kila anayeuza vifaa hivi anaisimulia hiyo. Mnyanya uliokomaa unakunywa lita kadhaa kwa siku, unataka fito za kuushikilia na mbolea nzito zaidi, na boksi la sangara halimtoshi. Na karoti, mwenzangu, karoti nenda sokoni.

Boksi liweke ndani ya veranda, chini ya bati, si ukingoni. Mvua ikiingia inazimua mbolea na kuinua maji hadi kwenye ile mizizi ya hewa niliyokuambia. Na liweke mahali litakapokaa. Likishajaa maji ni zaidi ya kilo 20, usijaribu kulisukuma.

Huyo mdogo wako mjibu vizuri, asije akaona umeidharau nia yake. Mwambie hema aliache, na kama bado anataka kutuma kitu, atume kipimo cha pH pamoja na vile vimiminika vya kukirekebishia, namba 4 na namba 7, maana kipimo kisichorekebishwa kinadanganya kwa sura ya ukweli. Na kipimo cha EC, kile kinachosoma wingi wa chumvi ya mbolea majini. Kwa mboga za majani, isome kati ya 1 na 2 hivi kwa kipimo cha mS/cm, na ikizidi wakati unachanganya mbolea, ongeza maji matupu. Vyote viwili vinaingia kwenye mfuko wa koti, hata mtu anayekuja likizo anaweza kuvibeba.

Mbegu za chainizi ninazo, usinunue. Sponji pia nina kipande kikubwa cha godoro la zamani la Neema. Wewe tafuta maboksi mawili, moja la kulimia na moja la akiba, na usitie mbolea kabla sijaja. Jumamosi asubuhi nitapanda daladala ya Mabatini, nitakuja na mizani. Mwambie Baba Kulwa anipokee pale chini, mimi mawe yale kwa mzigo sipandi peke yangu.

Nisalimie mama mkwe, na watoto wote.

Ni mimi mwenzako,
Mama Neema